Kliniki ya meno ya watoto Nakuru: nilimpeleka binti, nikafunzwa mimi

Nililelewa upande wa Njoro kwa maji ya kisima, na nikicheka utaona: meno yangu yana madoa ya kahawia kama kikombe kilichokaa na chai. Hapa kwetu hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo nilipopata watoto niliapa floraidi, madini niliyosikia ndiyo huleta madoa haya, haitaingia kinywani mwao. Nikawa nanunua dawa ya meno ya watoto yenye ladha ya stroberi, isiyo na floraidi, tena ghali kuliko ile ya nyumba nzima.

Binti yangu ana miaka 6. Mwaka huu akaanza kulia usiku, jino la nyuma. Majirani wakaniambia, "Baba Imani, hayo ni ya utotoni, yatang'oka tu." Usiku wa tatu nikachoka, asubuhi nikampeleka kliniki moja ya kibinafsi mjini inayohudumia watoto.

Niseme mabaya kwanza. Tulipewa saa tatu, tukaonwa saa tano kasoro. Na pale mapokezi kuna bakuli la peremende! Kliniki ya meno, jamani.

Lakini daktari mwenyewe, sina neno. Alimpa Imani kioo kidogo akishike, wakahesabu meno pamoja kabla ya kugusa chochote. Matundu manne. Lile linalouma ni gego la utotoni, ila lingekaa hadi miaka 10 au 11, na likitolewa mapema mengine husogea na kuziba nafasi ya jino linalokuja. Nyuma yake akanionyesha gego jipya, la ukubwani, limeota bila jino lolote kung'oka. Mimi nililiona nikadhani ni la utotoni.

Kisha nikamweleza kiapo changu cha floraidi. Hakunicheka. Alisema madoa kama yangu hutengenezwa jino likiwa bado ndani ya ufizi, mtoto akimeza floraidi nyingi miaka mingi, hasa kwenye maji. Kutoboka ni jambo jingine: ni sukari, bakteria na muda. Nilikuwa nimeifungia floraidi mlango wa dawa ya meno, kumbe inapitia kwenye jagi. Isitoshe, nilidhani kuchemsha maji kunaiondoa. Hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita hapo. Akanishauri maji ya mvua yaliyotunzwa vizuri, au kichujio cha mkaa wa mifupa. Mimi nimechagua tangi la mvua kwa maji ya kunywa na kupikia.

Dawa ya meno sasa ni ya kawaida, yenye floraidi, maana ikipakwa juu ya jino hulikinga lisitoboke, ila kidogo: Imani punje ya njegere, mdogo wake wa mwaka na nusu punje ya mchele. Ateme, asisukutue kwa maji. Na anayepiga mswaki ni mimi, hadi afike miaka 7 au 8, maana mkono wa mtoto haufiki kwenye magego. Nilibisha kidogo hapo (saa moja asubuhi nakimbizana na matatu!), akaniambia basi ule wa usiku ndio nisiukose, na baada yake ni maji tu. Kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari alichokuwa akilala nacho Imani kimekwisha. Tulipigana siku nne.

Aliniuliza pia kama nimewahi kuinua mdomo wa juu wa mdogo. Sijawahi. Akanifunza: mlaze kichwa kwenye mapaja yako, inua mdomo, tafuta mistari myeupe karibu na ufizi. Hapo jino ndiyo linaanza kuoza, na bado laweza kuokolewa bila kutobolewa.

Nililipa shilingi 1,000 za kumwona daktari na 3,500 kwa kila jino lililozibwa. Mawili tumeziba, mawili yanangoja mshahara. Kwa mfuko wangu si rahisi, na ile nyota ya tano naizuia kwa sababu ya saa mbili za kungoja na lile bakuli.

Mdogo naye amepewa tarehe. Mstari mweupe bado sijauona, ila kidole changu ameking'ata mara mbili.