Miaka mitatu na bunduki ya mtutu mfupi: uzoefu wangu

AR-15 yangu ya kwanza, bunduki ndefu ya kupigia kutoka begani, ilikuwa na mtutu wa inchi 16, urefu ambao sheria ya shirikisho hapa Marekani inauruhusu bila usajili wa pekee. Sikuwa na shida nayo mpaka nilipoifunga kipunguza sauti cha inchi 7. Ghafla nikawa nabeba mtutu wa inchi 23. Kwenye kibanda cha kuwindia nguruwe mwitu kila nikigeuka nagonga ukuta, na kuishusha garini gizani ni kazi ya mikono miwili. Ndiyo maana mwaka 2022 nikanunua ya inchi 10.5. Ukiijumlisha na kipunguza sauti kilekile unapata inchi 17.5, karibu sawa na bunduki ya kawaida isiyofungwa kitu.

Wengi ninaokutana nao uwanja wa shabaha wana sababu hiyohiyo. Wengine wanaitaka kwa ulinzi wa nyumbani, kwa ajili ya korido na pembe za vyumba, na kweli inageuka upesi. Uzito wake umekaa nyuma karibu na bega, kwa hiyo mkono wa mbele hauchoki. Ikilinganishwa na bastola, bado una kitako cha kuegemeza begani, na hapo ndipo shabaha inapopatikana.

Lakini huyo wa ulinzi wa nyumbani nina neno naye. Siku moja nilipiga bila kipunguza sauti, chini ya paa, katika uwanja wa ndani. Mtutu ukiwa mfupi hivyo, risasi ya 5.56 (unene wake kwa milimita, ndiyo ya kawaida ya AR-15) inatoka kukiwa bado na moto na mgandamizo mkubwa nyuma yake, na vyote vinalipukia mdomoni mwa bunduki. Nilikuwa nimevaa vikinga masikio na bado mlio ulinigonga kifuani. Jirani yangu alikusanya vitu vyake akahamia mbali. Nikawaza mlio ule ndani ya chumba cha kulala, usiku, watoto wakiwa karibu na hakuna aliyevaa chochote. Kama huna mpango wa kununua kipunguza sauti, usinunue mtutu wa inchi 10.5 wa 5.56. Hili nalisema kwa moyo wote.

Kasi nayo inapotea. Risasi nyepesi ya 5.56 inayotoka kwa karibu mita 990 kwa sekunde kwenye mtutu wa inchi 20, kwenye wa 10.5 inatoka kati ya 820 na 850 hivi. Risasi ndogo kama ile hutegemea sana kasi ili ifanye kazi yake ndani ya mnyama. Nguruwe wawili niliowapiga mwaka wa kwanza walikimbia mbali kuliko nilivyozoea, na kumfuata mnyama aliyejeruhiwa porini si jambo ninalolipenda hata kidogo.

Dawa niliyoipata ni kubadilisha sehemu ya juu ya bunduki, ile inayobeba mtutu, nikafunga ya risasi aina ya .300 Blackout yenye mtutu wa inchi 9. Risasi hii ilibuniwa kwa mitutu mifupi: baruti yake huungua karibu yote ndani ya inchi hizo 9, kwa hiyo hakuna upotevu mkubwa. Ipo pia aina nzito ya chini ya kasi ya sauti, ambayo ukiipiga na kipunguza sauti unasikia zaidi chuma kikigongana ndani ya bunduki kuliko mlio wenyewe. Kwa kuwinda natumia ile nyepesi yenye kasi. Nzito naiachia shabaha za karatasi.

Karatasi za serikali ni habari nyingine. Sheria ya mwaka 1934 inahesabu bunduki yenye kitako na mtutu wa chini ya inchi 16 kuwa silaha ya kusajiliwa. Nilitoa alama za vidole, picha na dola 200 za ushuru, kisha nikangoja miezi minane. Muuzaji alikosea kuandika namba ya bunduki, ombi likarudishwa, tukaanza upya. Tangu Januari 2026 ushuru huo ni sifuri, ila usajili uko palepale, na kuna majimbo yasiyoziruhusu kabisa. Kuvuka nayo mpaka wa jimbo kunahitaji idhini ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, kabla hujaondoka. Safari moja ya kuwinda na shemeji yangu ilinipita kwa sababu nilichelewa kuomba.

Kosa langu kubwa ni kuisajili kwa jina langu peke yangu. Mke wangu hapaswi kubaki nayo nisipokuwepo, hivyo ufunguo wa sefu ninao mimi tu. Ningeanza tena, ningefungua amana ya kisheria (trust), ambayo ndiyo ingeimiliki bunduki, nimwingize naye tangu mwanzo.

Ile ya inchi 16 sijaiuza. Nikienda kupiga shabaha za mita 300, ndiyo ninayoichukua.