Saiba ya Kayole Soweto iliyomsomea susu barua ya pensheni

Nyota tano. Hii saiba ni kibanda cha mabati ya buluu Kayole Soweto, hapa Nairobi, ukishuka steji unaingia kichochoro cha wauza mitumba, kimepakana na fundi wa viatu, ndani kuna kompyuta mbili, mashine moja ya fotokopi na benchi ya mbao. Mlangoni hakuna jina la biashara, imeandikwa tu KRA, HELB, PASIPOTI, CHETI CHA TABIA NJEMA kwa rangi nyekundu. Najua watu hawaandikangi mambo ya saiba, mtu anaingia anatoa kopi anaenda zake, lakini mimi nitaandika mpaka mwisho juu kuna mtu saa hii ako na nyanya mjane wa mwanajeshi na anazungushwa town hajui aanzie wapi.

Susu wangu (sisi ni Wakamba, susu ni nyanya) ako na miaka 78. Babu aliingia jeshi la Kenya Rifles 1964, Uhuru ukiwa bado mbichi, akapelekwa Kaskazini Mashariki wakati wa vita vya Shifta, akarudi na mguu uliokua unamsumbua kila kukiwa na baridi, akastaafu 1986, akafa 1994. Baada ya hapo pensheni ilikua inaingia, kidogo lakini inaingia, mpaka mwezi mmoja 1999 susu akaenda kuchukua akaambiwa hakuna kitu. Akarudi mwezi uliofuata, hakuna. Kutoka siku hio aliamini kuna mtu amekalia pesa yake. Na mtu mwenyewe alikua anamjua, ni shemeji yake, ndugu mdogo wa babu, ndiye alikua anamshikia makaratasi juu susu hajui kusoma. Hawakusalimiana tena. Yule mzee aliugua akafa akazikwa kule Mwingi na susu hakwenda matanga.

Watoto watano alilea na mikono yake. Alifulia watu nguo Buruburu, halafu akaenda machimbo ya Njiru kuponda kokoto, debe kwa debe, mpaka magoti yakakataa. Saa hii anakaa chumba kimoja cha mabati, kodi ni 3,000, tunachanga mimi na binamu yangu, na mwezi tukikosa kazi susu ndiye anakosa usingizi.

Basi mwaka juzi nikasema hio pensheni lazima ifuatwe. Ofisi sitaji, naeleza tu venye ilikua. Siku ya kwanza tulitoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi, tukafika tukakuta foleni imeshafika nje, lifti haifanyi, susu akapanda ngazi orofa tatu akishika ukuta na kupumzika kila pembe. Kijana wa dirishani hakuinua macho, aliuliza namba ya jeshi ya marehemu, mimi nikaanza kupekua mkoba na susu hapo hapo akaitaja. Kwa Kiingereza, tarakimu moja moja, kwa ile sauti babu alikua anaitaja nayo akisimama wima. Hajui kusoma hata jina lake lakini hio namba anayo kichwani tangu aolewe 1966. Kijana akaandika, akabonyeza bonyeza, akasema faili haionekani, rudini baada ya wiki mbili. Tulirudi mara nne. Mara ya pili kuna mwanaume alitufuata mpaka nje akasema anajua watu wa ndani, akachukua 3,500 za kuharakisha na simu yake ikazimwa jioni hio hio. Hizo pesa nilikua nimekopa.

Mara ya tatu tukitoka huko tulikua tunashuka Kenyatta Avenue polepole, akaomba tupumzike pale kwa ile sanamu ya wanaume watatu. Hio sanamu iko hapo tangu 1928, ni ya askari Waafrika na wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la mtaa wa Kariokor. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Akaniuliza wameandika nini, nikamwambia inasema ukipigania nchi yako, hata ukifa, wana wako watalikumbuka jina lako. Akaangalia juu kwa muda, kitambaa chake cha kichwa kimeshikwa na upepo, akasema, "Jina tunalikumbuka. Ni chakula tu." Tukaenda kutafuta gari.

Mara ya nne tukaambiwa tulete kopi mbili za kila karatasi, kitambulisho chake, cheti cha kifo, kitabu cha babu cha jeshi, barua yoyote ya zamani. Ndio tukaingia hii saiba, juu iko karibu na kopi ni 10 bob.

Mwenyewe ni mama wa kama miaka 35 hivi. Susu alikua na mkebe wake wa mafuta ya Kimbo, ndani kuna nishani mbili za babu zimefungwa kwa leso na hizo karatasi zote. Huyo mama alifuta kioo cha mashine na kitambaa kwanza, akachukua moja moja, na kuna barua ya 1995 ilikua imekunjwa mpaka imeanza kukatika kwa mikunjo, hakuivuta, aliteleza karatasi nyeupe chini yake ndio akainua zote mbili pamoja. Akaanza kuisoma kimya. Halafu akauliza, "Susu, hii barua kuna mtu alikusomea?" Susu akasema shemeji alimwambia ni ya pesa. "Lakini alikusomea yote?" Hapana. Kulikua na kijana anangoja kuprinti kazi ya koleji, huyo mama akamuomba angoje kidogo, akazima redio, akavuta kiti akakaa mbele ya susu goti kwa goti, akamsomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari, akifika mahali pagumu anarudia kwa maneno mengine. Karibu na mwisho ndio ilikua imeandikwa kwamba malipo ni ya miaka 5 kuanzia siku mzee alikufa, na baada ya hapo yanakoma.

Kwa hivyo hakuna mtu alikula. Muda uliisha.

Susu hakulia. Aliuliza tena, "Miaka tano?" akahesabu kwa vidole kutoka tisini na nne mpaka kidole cha mwisho kikafika tisini na tisa. Halafu akataja jina la shemeji yake, kwa sauti ya chini sana, mara moja, nikageuka nikaangalia nje juu singeweza.

Nimeuliza baadaye na ni kweli, sheria ya pensheni ndio iko hivyo, mtumishi wa serikali wa enzi ya babu akifa wategemezi wake wanalipwa pensheni kwa miaka 5. Mimi naona ni sheria inayoumiza, mwanamke ameachwa na miaka 47 na watoto watano, akifika 52 unamkatia, na mume wake ndiye alikua analala mchangani kule Wajir nchi hii ikiwa haijamaliza hata mwaka mmoja. Hio inafaa ibadilishwe na mbunge akija huku kuomba kura nitamwambia hivyo hivyo. Lakini kitu kinaniuma zaidi ni kwamba jibu lilikua ndani ya mkebe miaka yote. Hio barua imepita mikononi mwa makarani sijui wangapi, kila mmoja akaiangalia akaturudishia, akatuambia rudini. Na mimi mwenyewe nimesoma mpaka fomu foo na sikuwahi kuifungua, nilikua nabeba tu mkebe.

Hapo huyo mama angeweza kuchukua pesa ya kopi tuende. Akaangalia kitambulisho cha susu, akauliza kama kuna pensheni yoyote inaingia saa hii, tukasema hakuna, akasema basi huyu ni wa Inua Jamii. Ni ile ya serikali ya wazee wa miaka 70 kwenda juu, wote wasio na pensheni, ilianza hivyo 2018, ni 2,000 kwa mwezi. Majirani wa susu wengi wanapata. Yeye hakuwahi kujiandikisha juu alikua anajihesabu mtu wa pensheni, wakija kuandika wazee anawaambia yangu iko, inafuatwa. Sasa hio ndio ilikua imemzuilia, kungoja kitu kiliisha zamani.

Msikize hapa kama uko na mzee kama huyu. Usajili haufunguliwangi kila siku, unakuja kwa awamu, unapitia kwa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii, kwa hivyo huyo mama alituambia tupeleke jina kwa chifu mapema na tusikose baraza. Barua ya chifu ni bure, alirudia hio mara mbili, mtu akikuitisha kitu ni ya mfuko wake. Jina kwa kitambulisho liangaliwe herufi kwa herufi lifanane na la karatasi zingine, susu alikua na moja iko na herufi imeruka na hio ilihitaji afidaviti. Na alichukua namba yangu akaandika nyuma ya daftari lake, nikafikiria ni ya kawaida tu, miezi mitano baadaye akanipigia simu, usajili umefunguliwa, leta susu kesho asubuhi.

Shida ingine ilikua vidole. Kufungua akaunti ya kupokelea hio pesa kwa wakala wa benki ilikua lazima uweke alama za vidole na za susu mashine haikusoma, gumba la kulia hapana, la kushoto hapana, zile kokoto za Njiru zimemsugua ngozi ikabaki laini kama ndani ya ganda la yai. Wakala alisema tu amejaribu. Tukarudi kwa huyo mama, akachemsha maji kwa birika lake la chai, akamwambia susu aweke mikono ndani yakiwa vuguvugu kama dakika kumi, akaikausha vizuri, akapaka Vaseline kidogo sana akafuta tena. Tulikimbia kwa wakala na susu mikono ameikunja ndani ya leso ili isipoe. Kidole cha pete ndio kilikubali, jaribio la nne.

Pesa ya kwanza ilikuja ya miezi miwili, 4,000. Kwa mwezi ni 2,000, haifiki kodi, na SHA, bima ya afya ya serikali, nayo inataka 300 ukihesabu kwa mwezi, sitaki kudanganya mtu kwamba maisha yamebadilika. Lakini susu alienda dukani mwenyewe akalipa deni la unga, akahesabu noti mara mbili mbele ya mwenye duka.

Bei za saiba sasa, kopi 10, kuchapa barua 50 kwa ukurasa, afidaviti kuchapa 150 na ya wakili wa kuapisha unalipa kando kule kwake. Ile siku ya barua nilitaka kumuongeza 200, akarudisha, akasema kusoma hakutumii stima. Kasoro ziko, stima ikipotea hakuna jenereta na Soweto stima inapotea sana, benchi haina mgongo kwa hivyo mzee aumwaye kiuno apelekwe saa nane mchana kukiwa hakuna watu, atapewa kile kiti. Jumatatu asubuhi usiende, imejaa wanafunzi. Jumapili amefunga.

Susu ameomba kitu kimoja tu kutoka kwa hizo pesa, nauli ya Mwingi. Mke wa shemeji yake bado ako hai. Tunaenda Jumamosi, na jana nimepita saiba nikatolewa kopi kubwa ya ile barua, herufi zinaonekana, kwa sababu susu anataka isomwe huko yote, mbele ya watoto wao.