June's Journey au mchezo wa kulipia mara moja?

Baridi ya Juni ikishika Mbeya, jioni ni blanketi, chai ya tangawizi na simu. Mimi na dada yangu tunapenda michezo ya kutafuta vitu vilivyofichwa, ila hatujakubaliana upi bora.

Yeye ni wa June's Journey, uliotolewa na Wooga ya Berlin mwaka 2017. Kuupakua ni bure, na picha zake za miaka ya 1920 zinapendeza mno: juzi tulikodoa macho dakika nzima kutafuta miwani iliyolala juu ya zulia la rangi ileile. Lakini nishati, yaani pointi za kuchezea, ikiisha unasubiri ijae au unalipia, mandhari zilezile unazirudia ili ukusanye nyota, na bila bando hufiki mbali.

Mimi nanunua ile ya kampuni ya Artifex Mundi ya Poland. Unaonja mwanzo bure, unalipa mara moja, hadithi ina mwisho wake, na mtandao ukikatika unaendelea. Ila ukiumaliza umeisha, nao unakula nafasi kwenye simu.

Mwenye dakika kumi ndani ya daladala ya Uyole ningempa wa dada. Anayekwenda likizo kijijini Rungwe, mtandao ukiwa wa kubahatisha, achukue wangu, aupakue kabla hajatoka mjini.