Studio ya Masasi iliyotutengenezea kitabu na picha ya Padri wetu, na nembo zake za kuchanjwa zikabaki usoni

Tulikuwa na picha moja tu ya Padri akiwa kijana. Ya mwaka 1966, siku aliyopewa upadri, kasimama nje ya kanisa na kanzu nyeupe na stola, mikono kaikunja mbele, na kona ya chini mchwa walishakula kipande chote cha miguu. Mama Padri, yaani mke wake, aliitunza ndani ya Kitabu cha Sala miaka zaidi ya hamsini. Sasa kamati ya kumbukumbu ya miaka mitatu tangu atutoke ikakubaliana tutoe kitabu kidogo cha maisha yake pamoja na picha kubwa ya kutundika kanisani, na kazi ya kutafuta wachapaji nikapewa mimi maana ndo katibu. Nimepita sehemu mbili. Naandika ili mwenye shughuli kama hii huku kwetu Newala, Masasi, Nachingwea, ajue aende wapi na aulize nini kabla hajatoa hela.

Sehemu ya kwanza silitaji jina wala mtaa. Kijana aliipiga ile picha na simu, akaiingiza kwenye programu, dakika kumi akaniambia tayari mzee njoo uone. Nilipoangalia moyo ulishtuka. Padri wetu kawa mweupe, ngozi laini kama ya mtoto, midomo imepakwa rangi, na nembo zake zote usoni zimefutwa. Zote. Nikamwuliza zile alama ziko wapi, akasema nimezisafisha mzee, picha ilikuwa na mikwaruzo.

Kwa wasiojua, wazee wetu wa Kimakonde wa rika lile wengi walichanjwa nembo usoni wakiwa bado wadogo, mistari mashavuni na kwenye paji la uso, na akina mama wakawa na ndonya, kile kipande cha mti kwenye mdomo wa juu. Mama yake Padri alikuwa na ndonya. Padri mwenyewe alibatizwa akiwa tayari na nembo zake, na kuna kipindi alipokuwa anasoma, watu wa mjini walimcheka sana mpaka akawa anainamisha uso darasani. Alitusimulia hayo mwenyewe, sisi watumishi wa altare, tukiwa tumekaa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba yake baada ya Misa. Alafu akasema, Mungu aliponiita aliniita na uso huuhuu, hakuniambia nikanawe kwanza. Hilo neno mi nimelishika toka nina miaka kumi na moja mpaka leo nina watoto. Ndo maana sikuweza kuichukua ile picha. Nililipa elfu tano ya usumbufu nikaondoka.

Hapo ndo nikashuka Masasi. Studio yenyewe iko si mbali na stendi, chumba kimoja tu na kibaraza, wanafanya kazi za steshenari, kuprinti, picha za pasipoti, kadi za harusi na mambo ya fremu. Mwenye nayo ni kijana wa Kiislamu, mpole, anafanya kazi na dada yake. Alichukua picha kwa ncha za vidole, akaipangusa na brashi laini, akaiskani mara tatu, akaikuza kwenye kompyuta kubwa, akakaa kimya anaiangalia, ndo akaniuliza: "Samahani kaka, hii mistari hapa shavuni ni picha imekwaruzika au ni nembo za mzee?"

Jamani. Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia ni nembo, akasema basi hizo hazigusi, atarekebisha mikwaruzo tu na madoa ya unyevu, na ile miguu iliyoliwa hataitunga kwa kubahatisha, atakata picha iishie magotini. Akanionyesha mstari mmoja mmoja, huu ni mkunjo wa karatasi, huu ni wa uso. Tulikaa saa nzima na nusu hapo, umeme ukakatika ukarudi, hakuwa na haraka wala hakunitoza cha zaidi.

Katikati ya kazi mama yake kaja kuleta chakula, akachungulia kwenye kompyuta, akasema huyu si ndo yule padri wa baiskeli. Kumbe alimjua! Alikuwa anakaa vijiji vya chini ya mteremko wa Newala utotoni, na Padri alikuwa akipita na Phoenix yake kupeleka komunio kwa wagonjwa anasimama kwenye kila nyumba yenye msiba, ya Mkristo ya Mwislamu, anakaa kwenye mkeka na wenzake, anakunywa maji, anaondoka. Alipofiwa na mume, Padri alikuja siku tatu mfululizo na hakuhubiri hata neno moja. Alikuja tu akakaa. Yule mama alitusimulia amesimama na hotpoti mkononi mpaka chakula kikapoa, na mi nikayaandika yote, yamo kitabuni ukurasa wa 15.

Sasa kitabu. Tulipeleka maandishi yameandikwa na watu watano tofauti, mengine kwenye madaftari, mengine sauti za WhatsApp za wazee. Kurasa 24, kava la rangi, ndani nyeusi na nyeupe. Yule dada ndo alichapa yote, na nampa heshima zake kwa sababu alikuwa anapiga simu kuuliza. Majina ya vijiji aliuliza yanaandikwaje, majina ya Kimakonde na ya Kiyao aliuliza, na alipokuta mzee mmoja kaandika misheni ya Masasi ilianza 1886 na mwingine kaandika 1876 hakuchagua tu moja akaendelea, alituma ujumbe, tukasahihisha. Ni 1876, Askofu Steere alipotoka Zanzibar na kundi la watumwa walioachwa huru, wakashukia Lindi, wakatembea mpaka Masasi. Kwenye kitabu cha mtu aliyefundisha historia ile maisha yake yote, kukosea mwaka ule ingekuwa aibu kwetu.

Maana Padri alikuwa na watu wake wawili aliokuwa hawaachi kwenye mahubiri. Wa kwanza ni Cecil Majaliwa. Huyu alikuwa Myao, alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasoma Kiungani kule Zanzibar, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri kwenye UMCA, ile misheni ya Kianglikana. Alifanya kazi Chitangali huku huku kwetu, sio mbali. Padri alikuwa akitaja hilo anainua sauti, anasema mtoto aliyeuzwa karudi kwa watu wake na habari njema, na wala hakurudi na kisasi. Sisi wadogo tulikuwa tunadhani Majaliwa ni babu yake. Wa pili ni Askofu Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wa Masasi toka 1960 mpaka 1968, alikuja kwetu baada ya kupambana na ubaguzi wa rangi kule Sophiatown, Afrika Kusini. Padri alipata daraja zama zake. Alisema alichojifunza kwake ni kusalimia, unamsalimia mwanamke mzee aliyebeba kuni kabla hujamsalimia mkuu wa wilaya. Na kweli alifanya hivo, tulimwona kwa macho.

Kuna ukurasa kuhusu jando pia, na hapo kamati iligombana. Wengine walitaka utolewe, eti kitabu cha padri hakifai kuwa na habari za jando. Mi nilisimama kidete ubaki. Dayosisi ya Masasi ina historia yake na hilo, Askofu Vincent Lucas hakulipiga marufuku jando, aliliwekea sala na baraka na misa ndani yake, na Padri kama alivyopita yeye ndivyo alivyowasimamia watoto wetu, analala porini kwenye kambi na vijana, anawafundisha Baba Yetu na heshima kwa wazazi kwa pamoja. Ukiutoa ukurasa huo umemtoa Padri. Dada wa studio alituwekea ukurasa huo mwishoni mwa sehemu ya utumishi na kichwa kikubwa, na kwa kweli umekaa vizuri kuliko yote. Mengine niliyoyapenda ni ya wakimbizi wa Msumbiji waliovuka Ruvuma miaka ya 1960, Padri akiwa bado mwalimu, aligawa godoro lake akalala kwenye mkeka karibu mwaka. Hilo yeye hakutusimulia kamwe, tumelipata kwa mzee mmoja aliyelalia lile godoro.

Bei. Nakala 100 tulilipa 3,500 kila moja, jumla 350,000, tukatanguliza nusu. Picha kubwa na fremu ya mbao yenye kioo 45,000. Kuskani na kurekebisha ile picha hakutoza kabisa, alisema hiyo ni sadaka yake na mama yake. Kwa kazi niliyoiona sio ghali. Hela tulichanga baada ya mnada wa korosho ndo maana tuliweza kulipa kwa wakati, kwa hiyo na nyie pangeni shughuli zenu kwa kuangalia msimu, mkienda mwezi wa tatu mnachangisha watu waliokauka.

Yaliyonikera yapo na lazima niseme. Waliahidi Jumatano wakatoa Ijumaa jioni na Misa ni Jumapili, hapo katikati simu haipokelewi, nilikonda. Walikuwa na kazi ya kadi za harusi ikawabana, sawa, lakini mtu akuambie. Alafu kwenye zile 100 nakala kumi na moja kurasa za kati zilikuwa zimebanwa kichwa chini, tuligundua tumeshafika Newala, nikawapigia, na hapo nawasifu hawakubishana, walizitengeneza upya usiku ule na kumpa dereva wa Noah ya asubuhi, nauli wakalipa wao. Tisheti sitawashauri. Tulitengeneza 20 kwa elfu kumi na tano kila moja, zenye picha kifuani, na baada ya kufua mara mbili picha imeanza kupasuka, uso wa Padri una nyufa, mke wangu kaiweka ya kwetu kabatini hataki kuivaa tena. Walisema mashine yao ya tisheti ni ya zamani. Basi wasichukue kazi hiyo, au waseme mapema.

Karatasi ya ndani ni nyepesi kidogo, maandishi ya upande wa pili yanaonekana kwa mbali. Herufi ila ni kubwa, wazee wamesoma bila shida, na hilo tuliliomba. Stepla mbili katikati zimeshika vizuri. Kava limewekewa nailoni juu kwa hiyo hata mikono yenye mafuta ya mihogo haiharibu, na nawaambia siku ile ilipita kwenye mikono mingi.

Maana Misa ilijaa. Ubani, kengele, kwaya mbili, na nje kwenye kivuli wapo wazee wa msikiti wa kijiji walioalikwa, na kila mmoja kapewa nakala yake. Picha iliwekwa mbele pembeni ya mshumaa wa Pasaka. Mama Padri alikuwa hajaiona. Hatukumwonyesha kabla, na nilikuwa na hofu kwa sababu ana miaka zaidi ya themanini na presha. Alishikwa mkono mpaka pale mbele, akavaa miwani, akaangalia muda mrefu, kanisa zima kimya. Alafu akanyoosha kidole akakipitisha juu ya kioo kwenye shavu la kushoto, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, taratibu, kama mtu anayehesabu. Akasema zipo. Neno hilo tu. Sisi wengine tulishindwa kuimba wimbo uliofuata, kwaya iliimba peke yake.

Mi nilimpenda sana yule mzee. Alinifundisha kusoma somo bila kukimbilia, alinizikia baba yangu, alinifungisha ndoa, na mwaka nilioacha kwenda kanisani kwa sababu ya hasira za msiba hakunitumia mtu wala hakuniita, alikuwa akipita na baiskeli mbele ya nyumba yangu kila Jumamosi jioni anapiga kengele mara mbili anaendelea na safari. Miezi minane. Nikarudi mwenyewe. Hicho kisa nacho kimo kitabuni, bila jina langu, ila wanaonijua watajua.

Kwa hiyo studio nawapa nne kwa tano. Moja nimeitoa kwa ajili ya ahadi za siku na zile tisheti. Kwa picha za zamani za wazee wetu, hasa wenye nembo au ndonya, sijaona sehemu nyingine ya kuwapeleka kwenye ukanda huu, na mkifika msiseme tu "irekebishe", kaeni naye pale kwenye kompyuta mwonyesheni kipi ni uso na kipi ni uharibifu. Ijumaa mchana wanafunga kwa ajili ya sala, msije mkagonga mlango bure. Picha yenyewe ya asili ombeni mrudishiwe hapohapo, mimi nilirudishiwa ndani ya bahasha ngumu. Na faili wanalitunza, waliniambia likihitajika tena niseme tu.

Limehitajika. Wiki iliyopita Mama Padri kaniita, kasema ile ya kwenye fremu ni ya kanisa, yeye anataka ndogo ya kuingia kwenye Kitabu cha Sala, palepale ilipokuwa ile ya mchwa. Nimeshapiga simu, ni 2,000, naifuata Jumamosi.