iNaturalist: nyota nne kutoka kitaluni Mikocheni

Nauza miche kando ya barabara, Mikocheni, kwa hiyo kuletewa picha ya ua na kuulizwa "hili nalo nini?" ni kazi ya kila siku. Safari hii aliyeuliza ni mdogo wangu aliyeko Phoenix, Arizona: "Dada, huku jangwani pembeni mwa barabara kumejaa vimaua vya njano, vinanuka mpaka ndani ya gari. Si dawa hii?"

Programu moja ya bure, siitaji jina, ilijibu palepale: kamomili. Mwenzangu alishakuwa na hamu ya kuchemsha chai!

Nikamwambia afungue akaunti mwenyewe iNaturalist, programu ya kutambua mimea na wanyama kwa picha, apakie picha moja kwa moja kutoka kwenye simu yake. Picha ikishapitia WhatsApp inafika bila taarifa ya mahali ilipopigwa, na pale mahali ni nusu ya jibu. Kompyuta hutoa dhana yake kwanza, kisha watu wanaoijua mimea ya eneo hilo wanathibitisha au wanapinga. Hicho ndicho ninachokipenda. Alipiga ua kwa karibu, jani, na shina zima, akaandika na habari ya harufu, maana kamera hainusi.

Jibu: Oncosiphon pilulifer, Waarizona wanaliita stinknet. Ni la ukoo wa alizeti, asili yake Afrika Kusini. Vichwa vyake ni vimpira vya njano tupu. Petali nyeupe za kamomili hazipo. Majani yamechanikachanika vipande vyembamba. Linaota kwa mvua za majira ya baridi, likikauka linashika moto upesi, na moshi wake unawasha macho na koo. Wengine hata ngozi inawawasha wakiligusa. Kwa hiyo chai hakuna. Ling'olewe kwa glavu kabla halijapukutisha mbegu.

Nyota ya tano nimeibakiza kwa sababu ya biashara yangu. Mimea iliyopandwa na watu haipandi daraja la utafiti, yaani ngazi ya picha zilizothibitishwa na watu na kufaa kwa utafiti, hivyo bogenvilia la mteja wangu halipati macho mengi. Kwa magugu na mimea ya porini, sioni mfano wake.

Ni bure, haina matangazo. Mwenye bando dogo apige picha akiwa huko huko, apakie akifika penye Wi-Fi. Tarehe na mahali havipotei.