Kanisa la Thomaskirche, Leipzig, Ujerumani: jengo 3 na nusu kwa 5, muziki 5 kwa 5

Watu wengi wanaingia Thomaskirche mchana, wanapiga picha ya kaburi la Bach, yule mtunzi wa muziki, wanatoka, halafu wanasema mbona la kawaida tu. Na kweli kwa macho si kanisa la kukuacha mdomo wazi. Nje kuta nyeupe, mnara wa mita 68, paa limeinuka vibaya mno, nyuzi 63, ndani dari jeupe lenye mbavu nyekundu zinazokatizana, kazi ya 1496. Dhahabu na mbwembwe hamna, Walutheri hao.

Ila wewe nenda Ijumaa saa kumi na mbili jioni au Jumamosi saa tisa, ibada ya moteti, yaani ya nyimbo za kwaya, kiingilio kidogo sana. Inaimba Thomanerchor, kwaya ya wavulana iliyopo tangu 1212, yaani Luther anakuja kuhubiri hapo Pentekoste ya 1539 kwaya ishapita miaka 300, na Bach mwenyewe ndo alikuwa mwalimu wao kuanzia 1723 mpaka anafariki 1750. Jumamosi mara nyingi ni kantata yake, utunzi wa waimbaji na ala, na okestra ya Gewandhaus ya hapo Leipzig juu, sasa hapo usiniambie habari za dari.

Kwaya inakaa roshani ya nyuma, kwa hiyo ukiwa benchi za katikati unatazama madhabahu na sauti inakujia kisogoni. Kuna wanaolalamika, mi naona ndo raha yenyewe, unasikiliza tu, hamna kukodolea mtu macho.

Vinanda vya mabomba viko viwili. Cha fundi Sauer cha 1889, kikaongezwa 1908 hadi rejista 88, yaani seti za mabomba, kinanguruma mpaka benchi unalisikia, lakini kwa Bach ni kizito, ndo maana mwaka 2000 fundi Woehl akajenga kingine upande wa kaskazini, rejista 61, sauti za enzi za Bach. Wataalamu watakwambia cha Woehl, mi bado nachagua Sauer hasa wakipiga nyimbo za mtunzi Reger.

Kaburi nalo, Bach hakuzikwa hapa mwanzo, mabaki yaliletwa 1949 kutoka Johanniskirche, kanisa lingine la hapo mjini lililoharibiwa vitani.

Angalia ratiba kabla hujaenda maana shule zikifunga watoto wako likizo na zinaimba kwaya za wageni. Na jamani msipige makofi, ile ni ibada, mahubiri yapo.