Dawa za cheti bila cheti cha daktari: tathmini ya huduma ya dirishani Dar es Salaam

Kwa haraka ya huduma, ni vigumu kulishinda duka la dawa la mtaani. Kuanzia Mbagala hadi Tegeta, hutembei mbali kabla ya kuliona, na aliyeko nyuma ya dirisha huitwa "dokta" na kila mteja, awe daktari au asiwe. Unataja shida, unalipa, unaondoka. Dakika zinazookolewa hapo ni zile zile ambazo mgonjwa alipaswa kuulizwa maswali, na hapo ndipo huduma hii inapoangukia.

Kwanza, tofautisha maduka. Famasi iko chini ya mfamasia na ina wigo mpana wa dawa. Duka la Dawa Muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, lina mtoa dawa aliyepewa mafunzo na orodha maalumu ya dawa anazoruhusiwa kuuza. Kibali cha Baraza la Famasi hutundikwa ukutani. Kisome, hakina siri.

Maswali ni sehemu dhaifu kuliko zote. Mtu akisema "nipe dawa ya yutiai", yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mara nyingi hutolewa antibayotiki ya azithromycin, kwa kuwa ni vidonge vitatu tu na watu wanaipenda. Lakini dawa hiyo ni ya kifua na baadhi ya magonjwa ya zinaa. Haifiki kwenye mkojo kwa kiwango cha kutibu yutiai ipasavyo. Mgonjwa anamaliza dozi, maumivu yanarudi, anahamia ciprofloxacin, antibayotiki nyingine. Hajaulizwa kama anatafuna magnesiamu kwa ajili ya kiungulia. Magnesiamu huishika ciprofloxacin tumboni ikashindwa kuingia mwilini. Inatakiwa imezwe saa mbili kabla ya magnesiamu au saa sita baada yake. Kipimo cha mkojo kingemaliza mzunguko huo wote.

Swali jingine linalorukwa ni la presha. Diclofenac, dawa ya maumivu ya mgongo, huuzwa kama karanga, na anayeinunua mara nyingi ni mtu mzima anayetumia vidonge vya presha. Dawa hiyo hupandisha presha, huchubua tumbo, na ikitumiwa pamoja na losartan, ambayo ni dawa ya presha, na kidonge cha kukojoza inaweza kuangusha figo. Kwa septrin, antibayotiki yenye salfa, swali ni aleji ya hiyo salfa. Linachukua sekunde tano, nasi tunaona kutouliza ni kosa kubwa kabisa, kwa sababu aleji hiyo inaweza kubabua ngozi na midomo hadi mtu akalazwa.

Sasa ufungaji. Mteja hela yake haitoshi, basi mkasi unapita kwenye karatasi yenye vidonge kumi, na vidonge vinne tu vinakatwa. Tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo vimegongwa kwenye ncha moja tu. Mara nyingi ncha hiyo inabaki dukani. Vidonge vinaingia kwenye kifuko kidogo, juu yake peni imeandika "1x3". Jina la dawa halipo, nguvu yake kwa miligramu haipo. Hiyo "1x3" maana yake ni kidonge kimoja kila baada ya saa nane, lakini wengi huisoma kama asubuhi, mchana na jioni, kisha usiku mzima dawa inapungua mwilini. Amoxicillin ya miligramu 500 mara tatu kwa siku tano ni vidonge 15. Vinne ni siku moja na kidogo. Homa inashuka, vimelea vilivyobaki vinapata nafasi ya kuongezeka tena, na kadiri antibayotiki zinavyotumiwa ovyo ndivyo usugu, yaani vimelea kutosikia tena dawa, unavyoenea. Kwa mafua ya kawaida, hata vyote 15 havifanyi kitu. Virusi havisikii amoxicillin.

Dawa ya mseto ya malaria (ALu) nayo ina kasoro ya maelekezo. Mtu mzima humeza vidonge vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 24. Dozi ya pili huja saa nane baada ya ya kwanza: ukianza saa mbili usiku, ya pili ni saa kumi alfajiri. Dirishani utaambiwa "asubuhi na jioni" tu. Imeze na chakula chenye mafuta, hata chai ya maziwa na chapati, la sivyo dawa inaingia kidogo mwilini. Na kabla ya yote hayo, pima. Kipimo cha haraka ni tone la damu ya kidole na majibu ndani ya dakika ishirini hivi. Homa nyingi za mjini si malaria.

Huduma ina upande mzuri, tena mzuri sana. Kwa mtoto anayeharisha, pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na vidonge vya zinki vinapatikana karibu na nyumbani: zinki ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Paracetamol pia, mradi mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, akihesabu na ile iliyomo ndani ya dawa za mafua. Kwa vitu hivyo dirisha tunalipatia alama za juu. Kwa antibayotiki, dawa za presha na steroidi bila cheti, hatulipendekezi.

Ukienda na cheti, omba kifuko kiandikwe jina la dawa, miligramu, saa za kumeza na idadi ya siku, na uonyeshwe tarehe ya kuisha kabla mkasi haujapita. Mtoa dawa mzuri hakasiriki.

Ikiwa umeshameza na midomo inavimba, pumzi inabana au ngozi inatoa malengelenge, acha dawa hiyo na uende hospitali iliyo karibu, Temeke, Amana au Mwananyamala. Beba kila kifuko ulichonacho, hata kitupu.